Bandeji ya Msumari

"Shemeji, hivi huyo paka anapona au anahamia?"

Seremala, jirani wa mama mmoja mjane, aliuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni kwa mama huyo, nyusi zimejaa vumbi la mbao. Mama akacheka kidogo.

Paka alikuwa wa seremala, jina lake Msumari. Ubao ulimwangukia karakanani ukamvunja mguu wa nyuma. Kule kuna misumeno na vumbi, si mahali pa mgonjwa, kwa hiyo mwenyewe akamleta kwa mjane wa rafiki yake amtunze. Daktari wa mifugo aliufunga mguu kwa gango la mbao na bandeji, akasema, "Akiukanyaga bila kuchechemea, mfungueni, arudi kwao."

Tangu hapo nyumba ile iliyokuwa imetulia kama maji ya mtungini ikawa na pumzi nyingine ndani yake. Mchana jua lilipenya pazia la kijani, chumba kizima kikaonekana kama kiko chini ya ziwa. Mama alikaa sakafuni kando ya kikapu, akimlisha paka samaki kwa kidole, na usingizi ukamwingia bila hodi. Mara nyingine alimsikia marehemu mumewe akijikohoza chumbani. Akifumbua macho, kumbe ni Msumari anakoroma.

Kwenye sala aliuombea ule mguu upone. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini polepole, Mola wangu."

Ukapona. Siku moja alipokuwa akibadilisha bandeji, paka alisimama kwa miguu yote minne, akajinyoosha, akatembea hadi dirishani kuangalia nje. Mama alimtazama weee. Halafu akamrudisha kikapuni, akamfunga upya, taratibu, kama mtu anayefunga zawadi.

Sasa seremala yuko mlangoni, anangoja jibu.

"Bado kidogo, shemeji."

"Haya. Maana kule karakanani panya wameshachagua mwenyekiti."

Akaenda zake. Mama akarudi kukaa kando ya kikapu, akashika tasbihi yake.

Alasiri ile Msumari alianza kukimbia ndotoni. Miguu mitatu ilicheza hewani, na ule wa nne ukawa unagonga kikapu kwa gango lake, ko, ko, ko, kama mtu anayeomba afunguliwe. Mama akaweka tasbihi chini.

"Nimekusikia, mwanangu."

Alimfungua, akambeba hadi karakanani. Seremala alikuwa anapiga randa.

"Shemeji, amepona. Hata uliponiuliza alikuwa ameshapona."

Randa ikasimama. "Najua. Nilimwona dirishani kwako, anatembea kama bwana harusi."

"Na ukanyamaza?"

"Nikasema wacha kwanza mpone wote wawili."

Mama akamshusha Msumari juu ya maranda yenye joto la jua. Paka akazunguka, akanusa, akajikunja palepale. Mama akaikunja bandeji, akaiweka juu ya meza ya kazi, akarudi kwake.