Ulimi wa Kuazima

Mtaani kwetu wanasema nilimfukuza mdogo wangu kwa wivu. Nenda kwa kinyozi, keti kwenye benchi lake, utaambiwa: eti picha za mdogo mtu zilisifiwa kuliko supu ya dada mtu, dada roho ikamuuma, akamtimua. Wivu! Mimi niliyemlea, niliyemnunulia rangi zake za kwanza nikala ugali mkavu wiki nzima, leo nimwonee wivu? Jamani, watu wana midomo. Acheni niseme mwenyewe.

Nina mgahawa kando ya gati. Si mkubwa. Ukumbi wa meza chache, kuta za mbao za rangi ya samawati iliyobanduka pale watu wanapoegemea, na jiko nyuma lenye dirisha linalotazama maji. Abiria wa kivuko hupita kwangu kabla ya kuvuka, na wengine huja wakiwa hawavuki kwenda popote. Wananiita Mama Supu. Jina hilo sikupewa bure, nimelitolea jasho, na zamani watu walikuwa wakigombania bakuli la mwisho mbele ya macho yangu huku mimi nikijifanya nawaamua.

Miaka sita iliyopita niliugua homa. Nilipona kila kitu isipokuwa pua na ulimi. Daktari alinieleza mambo ya mishipa, akachora na mchoro, nami nikatoka pale nimeelewa jambo moja tu: huenda vitarudi, huenda visirudi. Havikurudi. Tangu hapo nikila embe, nikila sabuni, kwangu ni mamoja. Sasa niambieni, mpishi asiyesikia ladha ana tofauti gani na kinyozi kipofu? Nani atampa shingo yake?

Nilimwambia mtu mmoja tu, mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Nilimwita jikoni, nikafunga mlango, nikamweleza huku nalia. Akanishika mikono yote miwili.

"Dada, usilie. Ulimi wangu si upo?"

Nikalia zaidi.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kila asubuhi kabla sijafungua alikuja kwa mlango wa jikoni, akachukua kijiko, akaonja sufuria moja baada ya nyingine. "Hii inataka ndimu." "Hapa chumvi bado." Na supu ikishakuwa supu alikuwa na maneno yake: "Hapo hapo, dada. Usiguse tena." Nami sigusi. Ningeambiwa na malaika kwamba bado, nisingegusa, maana mdogo wangu ameshasema.

Akimaliza, anakaa kwenye kreti karibu na dirisha, anatoa karatasi na penseli, anachora. Hakuwa na chumba cha kuchorea, maskini, alipanga kijumba kisichoingia hata jua. Nikampa pembe ile na chai na utulivu. Sikuwahi kuchungulia. Nilidhani anachora masufuria, vitunguu, maji ya dirishani. Wateja walimtania kwamba anakuja kujaza tumbo kwa mgongo wa dada yake, naye anacheka tu, hajitetei, ili siri yangu isitoke. Kwa hilo nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Huku kwetu kandokando ya maji kuna siku moja kila mwaka ambayo maghala na migahawa yote hufungua milango. Watu wanatoka mjini kote, wanatembea taratibu kando ya maji: hapa wanatazama picha, pale wanakula, mbele kidogo wanatazama tena. Ni siku ninayoipenda. Mwaka huu ghala la zamani la kamba, lile kubwa kuliko yote, alipewa mdogo wangu peke yake. Mama mmoja tunayemwita Miwani, kwa sababu miwani yake ni mikubwa kama visahani, ndiye anayepanga maonyesho hayo, na alikuwa amependa kazi yake mno. Mdogo wangu akamwambia supu ya kuwakaribisha wageni lazima itoke kwangu. Kichwa kikanivimba. Nilitembea mtaani kama niliyeolewa upya.

"Picha gani lakini?" nilimuuliza.

"Utaziona siku yenyewe, dada. Nataka zikushtue."

Ebo, zilinishtua.

Siku hiyo asubuhi alionja supu, akasema "hapo hapo", akanibusu shavuni, ingawa si mtu wa kubusubusu. Mchana Nahodha wa kivuko, mteja wangu wa tangu zamani, akanisaidia kubeba sufuria. Yeye sikio moja, mimi sikio la pili, tukaenda kwa hatua ndogondogo ili isimwagike. Njia nzima ananitania: "Mama Supu, leo tunaingia kwenye sanaa, rekebisha kilemba." Nikarekebisha kwa mkono uliobaki, kweli nikarekebisha!

Tukaingia. Ghala lilijaa, watu wamegeukia kuta. Mwanamke mmoja karibu na mlango akanitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena, kisha macho yake yakashuka kwenye sufuria. Akamgusa mwenzake. "Ndiye," akasema. Wakageuka wengine. Nikasikia "ndiye, ndiye" ikienda mpaka mwisho wa ghala. Ndipo nikainua macho.

Nilikuwa mimi. Mimi ukutani, mkubwa kama mlango, nimesimama mbele ya sufuria nikingoja, na mkono wa mtu mwingine unapeleka kijiko kwenye mdomo wake mwenyewe. Pembeni yake mimi tena, nimezamisha pua kwenye kitunguu kilichokatwa na usoni hakuna kitu. Halafu mimi nimekaa chini sakafuni, naramba chumvi kiganjani. Hiyo nilifanya siku moja tu, nikijaribu kama ladha imerudi, nikidhani niko peke yangu. Juu ya yote, kwa herufi kubwa: MPISHI ASIYEONJA.

Na zilikuwa nzuri. Laiti zingekuwa mbaya! Ukiniona pale ukutani unanionea huruma, na mimi sikuomba huruma ya mtu.

Nahodha aliweka upande wake wa sufuria chini polepole. "Mama Supu," akaninong'oneza, "ni kweli haya?"

Miwani akatokea mbio, ameinua mikono. "Huyu hapa! Mwenyewe amefika!" Na watu wakapiga makofi. Haki ya Mungu, walinipigia makofi kama mgonjwa aliyeinuka kitandani. Siri niliyoifungia kifuani miaka yote, mdogo wangu ameimwaga kama mtama kwenye kuku wengi, na kuku wanashangilia.

Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa mwisho wa ghala, amesimama kando ya picha ya mwisho, anatabasamu kwa wasiwasi. Nikamwendea. Nilikuwa na maneno tele mdomoni, matusi ya kutosha ghala zima na mengine ya kubaki. Lakini kwanza nikaiona picha ile ya mwisho.

Ulikuwa ukumbi wangu. Meza zimeunganishwa, zimetandikwa vitambaa vyeupe. Mzee mmoja anatema kwenye leso. Mama anamnyang'anya mtoto kijiko. Kijana anacheka. Mlangoni mwa jiko nimesimama mimi, taulo begani, natabasamu nikisubiri sifa.

Siku hiyo naijua. Familia moja ilikodi mgahawa wote kwa posa ya binti yao, na supu yangu ilikuwa chumvi tupu. Haikumezeka. Waliondoka mmoja mmoja, na shangazi wa binti akaniambia mbele ya watu kwamba hata mbwa wake anapikiwa vizuri zaidi. Ilikuwa siku mbaya kuliko zote za kazi yangu. Baadaye mdogo wangu aliniambia ulimi wake siku hiyo ulikuwa na mafua, akaomba radhi akilia, na mimi, mjinga mimi, ndiye niliyembembeleza.

Sasa nikaitazama picha na kuona mahali alipokaa mchoraji. Alikuwa ukumbini, pembeni, nyuma ya wageni, akinitazama kwa mbele. Mdogo wangu hakai ukumbini. Akishaonja anabaki jikoni kwenye kreti yake mpaka anapoondoka. Siku ile tu ndiyo alikaa ukumbini, nikamwona na karatasi zake mapajani, nikafikiri labda amependa vitambaa.

"Kwa nini ulikaa ukumbini?" nikamuuliza.

Tabasamu likamtoka. "Dada, tutoke nje tuongee."

"Siku ya posa. Asubuhi ulionja?"

"Nilionja."

"Ilikuwaje?"

Akatazama chini. "Ilikuwa imezidi chumvi."

"Uliniambia nini?"

"Dada..."

"Uliniambia nini wewe?"

"Nilikuambia usiguse." Akainua macho, na kilichonimaliza ni kwamba alitaka nimwelewe. "Nilikuwa na picha zote isipokuwa hiyo. Uso wako ule sikuwa nao. Bila huo kazi yote haikuwa na mwisho. Nilidhani watanung'unika kidogo tu, sikujua wataondoka. Lakini dada, watu watajaa kwako sasa! Utaona. Nimekufungulia mlango."

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Nahodha akaudaka hewani, akanitoa nje. Supu ilibaki mle ndani, sijui kama kuna aliyeinywa.

Nyumbani sikula. Nililala chali nikawa najiuliza ni mara ngapi amenifanyia hivyo. Hilo ndilo lililonila. Kusema siri ya mtu ni ubaya, lakini ubaya huo una mwisho wake, imeshasemwa basi. Hili la pili halikuwa na mwisho. Kila "hapo hapo" aliyonipa nikaigeuza na kuikagua. Yule mteja aliyeacha samaki nusu, alikuwa ameshiba? Wale walimu waliokoma kuja, walihama? Ulimi nilioutegemea ulikuwa unafanya kazi yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nyama ya mezani.

Asubuhi nilifika kazini nikakuta foleni mlangoni. Mdogo wangu alisema kweli, watu walikuwa wamejaa. Sura ngeni, wengi wametoka kwenye maonyesho. Walinipungia mikono. "Pole sana, mama." "Hongera, mama." Mmoja akataka nipige naye picha nikiwa nimeshika upawa karibu na pua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza leo kuna nini cha kula.

Nikaingia jikoni nikawasha moto. Nikapika kwa mazoea ya mikono, kama ninavyopika siku zote, na ilipofika pale pa chumvi nikatia, nikasimama. Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguliwa.

Macho ya mdogo wangu yalikuwa yamevimba. Alivaa aproni bila kuniuliza. "Nitukane baadaye, dada," akasema. "Watu wako nje." Akachukua kijiko, akapuliza, akaonja. Akaonja mara ya pili, taratibu, kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona nao.

"Hapo hapo, dada. Usiguse tena."

Nikamtazama mdomo. Mdomo ule nimeulisha uji ungali hauna meno. Nilitamani kuamini, jamani, nilitamani mno. Ningesema tu "haya," tukapakua, maisha yakaendelea.

Nikachota supu kwenye bakuli. Nikalibeba nikatoka nalo ukumbini, nikapita katikati ya wageni waliogeuza shingo, nikaliweka mbele ya Nahodha aliyekuwa kwenye kiti chake cha karibu na mlango.

"Mimi sisikii ladha," nikasema kwa sauti, wasikie wote. "Mmeona ukutani, sina cha kuficha. Nahodha, onja uniambie ukweli. Ikiwa mbaya sema mbaya."

Nahodha alionja. Akaweka kijiko, akafikiri, akaonja tena. Si mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, yule. "Iko sawa sawa," akasema. "Usiongeze kitu."

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa jiko, amesikia kila neno, na uso umemng'aa kama mtu aliyeshinda kesi. "Si nilikuambia, dada?" akasema. "Si nimekuambia kweli?"

"Umeniambia kweli," nikamjibu.

Akaja kunikumbatia. Nikanyoosha mkono kumzuia, kiganja kikamgusa kifuani, nikahisi moyo wake unavyodunda.

"Umeniambia kweli, mdogo wangu, na bado imebidi nikamuulize mtu mwingine."

Akavua aproni, akaikunja vizuri akaiweka juu ya meza ya karibu, kisha akatoka kwa mlango wa mbele, kama mteja yeyote.