Mama Funguo Adai Picha

Kamera ya getini ililia, na Mama Funguo akajua imemlilia yeye kabla sajini hajainuka kitini.

“Jamani, si leo!” dada yake mkubwa akapiga kelele. “Leo hata shetani angepumzika!”

Walikuwa kwenye lango la chuo cha uuguzi, wamependeza, viatu vipya vinawabana vidole. Ndani ya ukumbi kipaza sauti kilikuwa kikiita wahitimu mmoja mmoja. Kila aliyeitwa alipanda jukwaani na mzazi wake, na mzazi ndiye aliyembandika beji ya uuguzi kifuani. Binti wa mwisho wa Mama Funguo alikuwa humo, shingo ameielekeza mlangoni. Na kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa waziri, polisi walikuwa wameleta ile kamera yao ya kutambua nyuso.

Sajini akaja akitembea taratibu. Alikuwa yule yule! Mji mzima umejaa askari, lakini nuksi ikikupenda haikuletei mgeni.

“Mama, tumekutana tena,” akasema. “Kaa pembeni, gari linakuja.”

Mama Funguo alichonga funguo kwenye kibanda chake karibu na soko, na mikono yake haikuwa na mpinzani. Siku ya harusi ya binti yake mkubwa, mashine ilisema uso wake ni wa mvunja nyumba anayetafutwa. “Na kazi yako funguo,” sajini huyu huyu alimwambia, “sasa unataka nifikirie nini?” Binti akaolewa mama yake yuko mahabusu. Mara ya pili walimbeba kibandani, wateja wanatazama. Mara zote mbili waliishia kumwachia kimya kimya, samahani hakuna, utadhani wamemfanyia hisani. Lakini niambieni, nani atampelekea ufunguo wa nyumba yake mtu anayeshikwa kwa kuvunja nyumba? Wateja wakayeyuka, wambea wakapata cha kutafuna.

Mwingine angelia akanyamaza. Mama Funguo alilia, tena sana, halafu akafunga kibanda akaenda kwenye kamati ya bunge iliyokuwa ikipokea maoni juu ya muswada wa mashine hizo. Mheshimiwa mmoja akamuuliza kwa kejeli, “Kwa hiyo mama unataka tuzizime, wezi watumalize?”

“Sijasema mzime, mheshimiwa. Mimi ufunguo nikiuchonga, hata ukifanana na ule wa mteja kama pacha, naujaribu kwanza kwenye kufuli ndipo nachukua hela. Askari wenu wanachukua mtu bila kujaribu.”

Kamati ikaangua kicheko, lakini maneno yakaingia. Sheria ikapita, na mwezi huo wa mahafali ilikuwa imeanza kufanya kazi.

“Sikai pembeni,” Mama Funguo akamwambia sajini. “Sheria inasema mashine pekee haitoshi kunikamata. Inasema afisa wa cheo cha inspekta alinganishe picha na mimi kwa macho yake, na mimi nionyeshwe. Niitie inspekta.”

“Mama, mashine haikosei.”

“Mara mbili imekosea, na uliyenitia pingu ni wewe!”

“Kuuliza si ujinga, afande,” dada mkubwa akadakia. “Hiyo sheria umeisoma, au nayo unaingoja ilie?”

Foleni nyuma yao ikacheka. Kipaza sauti kikaita mhitimu mwingine, na Mama Funguo akageuka kutazama mlango wa ukumbi, maana herufi ya jina la mwanawe ilikuwa imekaribia. Angeweza kuomba, kupiga magoti, kusema nipite kwanza baba, kisha unipeleke unakotaka. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

Inspekta aliletwa, mtu mkimya mwenye miwani. Akachukua simu ya kazi mkononi mwa sajini, akaifungua picha ya mtuhumiwa, akaitazama. Akamtazama Mama Funguo. Akavua miwani, akaifuta, akaitazama picha upya.

“Sajini, hii picha umeiona?”

“Mashine imesema wanalingana, afande, tena kwa kiwango cha juu.”

“Sikuulizi mashine. Wewe umeiona?”

“Hapana, afande.”

“Na zile mara mbili?”

“Hata hizo, afande.”

Inspekta akaigeuza simu. Uso nusu ulikuwa gizani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na kutoka mashavuni hadi kidevuni zilikuwa ndevu. Ndevu nene, za mwanamume aliyezitunza miaka.

“Yarabi!” dada mkubwa akashika kichwa. “Masikini shemeji yangu! Miaka yote hiyo kumbe alioa ndevu!”

Foleni yote ikapasuka. Mama Funguo hakucheka. Alisimama anaitazama ile picha iliyomnyang'anya harusi ya mwanawe, machozi yakamshuka, ya hasira. Hakuna aliyewahi kuitazama. Hicho tu ndicho kilichohitajika, mtu mmoja kufungua macho.

“Lifuteni jina langu humo,” akasema. “Hapa hapa, nikiona.”

Inspekta akafuta, akamwonyesha. “Barua ya radhi utaipata, mama. Ni lazima kisheria.”

“Barua nitaifuata kesho. Ila huyu alinikamata mbele ya watu. Aniombe radhi mbele ya watu.”

Sajini akamtazama mkubwa wake, akakuta hakuna mlango wa kutokea. Akavua kofia. “Mama, nisamehe. Wewe si mwizi. Sikutazama.”

“Sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia!” mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni, na sajini akasema tena, kwa sauti, jasho linamtiririka.

Ndipo kipaza sauti kikaita jina la binti. Mama Funguo akavua viatu, akavishika mkononi, akakimbia.

Binti alikuwa jukwaani peke yake. Walimwambia mwalimu mmoja atambandika, akakataa. “Namngoja mama,” akasema, na hakusogea hata waziri alipokohoa. Kisha akamwona anakuja katikati ya viti, pekupeku, nguo imekaa upande, dada wa mama anahema nyuma yake.

“Mama! Wamekukamata tena?”

“Thubutu!” Mama Funguo akachukua beji. “Leo wamenitazama, mwanangu.”

Mikono iliyochonga maelfu ya funguo ilihangaika na pini moja, kisha ikaipata. Ukumbi ukapiga makofi, lakini kigelegele cha kwanza kilitoka mstari wa mbele, kwa binti mkubwa, yule aliyeolewa bila mama yake.