Michirizi ya Kiwandani

Watu wa Kolwezi, kule Kongo, wana ugonjwa wa kung'arisha. Papa Bertin alikuwa anapiga kiwi hata viatu vya kazi kabla ya kupanda tram kuja garajini Berchem, hapa Brussels. Nilimwambia, "Tonton, ile viatu iking'aa hivyo, polisi watakuona tangu Porte de Namur." Alicheka. Hakukuwa na cha kucheka: hakuwa na karatasi za kuishi hapa.

Ilikuwa 2009. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa imefungua mlango kidogo: asiye na karatasi akipeleka mkataba wa kazi kwenye commune, ofisi ya mtaa, dossier yake ya kuomba ukaazi ingeangaliwa. Mwisho, katikati ya Desemba. Patron wetu Jérôme alikuwa ameshaandika mkataba wa Bertin, umebaki saini. "Kwanza chasi," alisema. "Mteja wetu Monsieur Hervé akiikubali ataniletea magari mengine trois, matatu mazima. Hapo nitakuwa na mshahara wako, nasaini."

Ile chasi, mifupa ya chini ya gari, ilikuwa ya Chevelle ya 1970, gari la Kiamerika lenye moteri kubwa kuliko chumba changu. Hervé hakutaka iwe nzuri. Aliitaka vile ilivyotoka kiwandani: nyeusi iliyofifia, na makosa yake. Wafanyakazi wa kule walikuwa na haraka, rangi ikachuruzika ikakauka hivyo hivyo, mkaguzi akaandika namba juu yake kwa chaki ya manjano. Upande mmoja michirizi na namba vilikuwa bado vipo, chini ya grisi ya miaka quarante, arobaini nzima. Upande huo uoshwe tu. Kwingine tupake mpaka pafanane nao.

Jérôme akanituma nimweleze Bertin kwa Kiswahili, asikosee.

Bon. Ningeweza kusema kama watu.

"Papa Bertin, patron anasema ile rangi yenye kulia machozi uiache. Huyu muzungu anapenda chasi yenye mafua. Na namba ya chaki usiifute, ni simu ya bibi yake."

Bertin alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Wewe Kalenga, utaniua siku moja."

"Ni kweli, tonton."

"Ndiyo, ndiyo. Na juzi ulisema Jérôme alizaliwa Kasenga, kwetu Kongo."

Nikacheka naye, nikaenda kula.

Jumamosi alibaki peke yake. Alipiga msasa pande zote, akapaka nyeusi ya kung'aa, mara tatu. Jumatatu ungeweza kuhesabu meno yako mle ndani. Bertin alisimama pembeni na bluzi safi ya kazi. "Baba yangu alipaka mashine za mgodi," akaniambia. "Hakuacha hata tone moja litiririke."

Hervé alipofika alipiga magoti, akamulika na tochi, akapitisha kiganja.

"C'est trop beau," akasema. Imezidi uzuri. Kisha akauliza namba iko wapi.

Jérôme akainama chini ya chasi kuitafuta. Hervé akasema namba ile iliandikwa mara moja tu, na aliyeiandika huenda ameshakufa. Angetuma lori kuchukua gari lake Alhamisi. Yale mengine yasingekuja.

Jérôme akamgeukia Bertin. "Kalenga hakukuambia?"

Bertin alinitazama. Mimi, mwenye mdomo usiopumzika, nikainama kufunga kamba za viatu.

"Aliniambia," akasema. "Ni mimi sikusikia."

Jioni, kwenye kituo cha tram, nilipata sauti. "Tonton, nitamwambia patron ni mimi. Nilifanya mchezo."

"Halafu?"

"Halafu akusainie."

"Asaini na kazi gani? Gari zimeenda." Alisogea nikae. "Wewe uko na karatasi, Kalenga. Baki na kazi yako. Siku dix, kumi, zimebaki, nitatafuta patron mwingine."

Hakumpata. Siku ya mwisho aliniomba nimsindikize mpaka commune. Tulisimama ng'ambo ya barabara, tukatazama foleni ya watu wenye mikataba kwenye bahasha. Mlinzi alipotoka kufunga mlango, Bertin akaniuliza kama nimekula.