Tarehe ya Kufa kwa Ponsian

...kwa hiyo nikitaja tarehe inaandika mjane, nisipotaja haiandiki kitu, ndivyo anavyosema Optatus, mtoto wa kaka yangu, kainamia kompyuta ya parokia, jenereta inanguruma nje, na mimi nimebanwa hapa katikati ya ukuta na kabati, orodha ya jana nilicheka mpaka kanga ikafunguka, kila mwanamke wa Majengo kaandikwa "mjane wa" halafu pengo, hata Rozalia, na mume wake kasimama mlangoni na baiskeli, "Jamani, mimi nimekufa lini?" hahaa! kumbe Optatus kwenye hiyo XSLT yake, yale maagizo anayoipa kompyuta, aliamuru neno liandikwe kwanza, sharti akalificha ndani, leo sharti kaliweka nje, mistari kumi na nne imebaki mitatu, "Shangazi, sasa inauliza kwanza, tarehe ya kifo ipo? Ipo, inabandika. Haipo, hata pengo haiachi," haya baba, na mimi je... "Shangazi, mjomba Ponsian alikufa lini?" ...miaka tisa nasema mume wangu mto ulimbeba, maiti hakuna aliyeiona, watu wamelia na mimi, uji wa matanga wamekunywa, Jumapili natangazwa kanisani na Masele, mgane wa watu, ng'ombe zake zipo Ilembo, mpole, hata akikasirika anapiga mluzi tu, halafu Katarina huyo katoka Usevya, kaninong'oneza, wifi, nimemuona kaka, mzima, analima majaruba ya mpunga, ana mke, ana watoto watatu... mimi ambaye habari hainilali tumboni, mimba ya mtu naijua kabla ya mwenyewe, hii nimeimeza, nikitaja tarehe namzika mtu yupo shambani anapalilia, nisipotaja Masele ananipotea... "Shangazi?" "Subiri wewe, nahesabu miaka!" nacheka, kicheko kinatoka chenyewe, kikavu, hata Optatus kageuka... dhambi? padri atanisamehe, siogopi hiyo, mama yangu weee, kumbe naogopa kuchekwa kwamba niliachwa, kisimani pale, wote, kama ninavyowachekaga mimi, ndiyo hiyo tu iliyonifunga miaka yote... na Katarina mdomo wake naujua, nimeufundisha mwenyewe, Masele atasikia tu, basi asikie kwangu, leo, nikitoka hapa, apige mluzi wake aondoke au abaki... jenereta inanguruma, vidole vya Optatus viko pale pale juu ya batani, "Shangazi, tarehe?" na mimi naikaza kanga niinuke, tarehe sina.