Bwana Amri kwenye Benchi la Nyuma

Fundi viatu alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimpachika jina la Bwana Amri, maana kila aliyekosea alisomewa amri aliyoivunja pamoja na nambari yake. Jumapili moja asubuhi shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimpigia pasi shati jeupe akaliunguza kola. Fundi akawaka. Akamwita mjinga, akamwita mzigo, na mengine ambayo hayakuwahi kusikika katika nyumba ile. Shemeji akatoka, akatangulia kanisani.

Kanisani, watu walipoitwa kwenye meza ya Bwana kupokea mkate na divai, Bwana Amri alibaki benchi la nyuma, ameinamisha kichwa kwa aibu. Mara akahisi mtu anamgusa bega.

"Inuka twende," shemeji alinong'ona.

"Nenda wewe. Mimi sistahili. Nimekutukana leo hii hii."

"Kwani mimi nastahili? Shati liliungua nikiwa dirishani, namsengenya mke wa mchungaji. Ungesikia niliyoyasema, ungekosa hata nambari ya kunisomea."

Fundi alitaka kucheka, akajikuta analia. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilishakusamehe njiani. Halafu shemeji, wangeitwa wasio na kosa tu, mkate ungemwozea mchungaji mikononi."

Akamshika mkono kama anayemwongoza mgonjwa, wakaenda mbele pamoja. Fundi akanyoosha viganja vyake vyenye madoa ya gundi, akapokea.