Sabuni ya Mlango wa Nyuma

Nilikuwa juu ya ngazi nikipanga miche ya sabuni kwenye rafu, Mama Notburga aliposema tena, "Hakuna."

Alimwambia mwanamke aliyesimama mbele ya sabuni zenyewe. Mwanamke akazitazama, akashukuru, akatoka.

"Mama Notburga," alisema Goodluck, mfanyabiashara aliyetoka kulikodi duka wiki ile, "neno hilo likitoka tena leo, kesho ubaki nyumbani."

"Bosi, linatoka lenyewe."

Nilimwamini. Ilikuwa themanini na saba, siku za ruksa, watu binafsi walipoachiwa kufanya biashara. Kabla ya hapo nilikuwa mpima sukari wa duka hilohilo la Mfaranyaki, yeye muuzaji, likiwa bado mali ya umma, na sikupata kuona mtu akisifiwa kwa kuuza. Mgawo wa bidhaa ukija, mshahara uleule. Kinachoongezeka ni foleni, matusi, na maswali ya nani kapewa, nani kanyimwa. Aliyepanga mgawo alikuwa mbali. Mwaka mmoja alituletea nyavu za kuvulia samaki, sisi watu wa mahindi. Tulizitunza kwa uaminifu. Rafu tupu ilikuwa amani. Simlaumu mtu, hata mimi nilipumua nikisikia lori la mgawo limekwama njiani, Lukumburu.

Akaingia Bibi Otilia wa mtaa wa Bombambili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuna sabuni?"

Mama Notburga aliziba mdomo kwa upindo wa khanga. Neno likapenya khanga: "Hakuna."

Goodluck alifumba macho. Bibi Otilia hakuondoka. Aliinama juu ya kaunta, akanong'ona, "Najua, mwanangu, ya dukani hakuna. Mimi naulizia ile ya mlango wa nyuma."

Mama Notburga akanitazama. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma.

Bibi alinunua miche sita, akaifunika kapuni, akaondoka akiangaza huku na huku kwa furaha. Hakumwambia mtu, yaani aliwaambia Bombambili nzima. Kufikia alasiri, mbele alibaki Goodluck peke yake na "karibu" zake. Nyuma, foleni ilifika choo cha jirani.

"Mama, ile ipo?"

"Ipo. Usiseme."

Goodluck alizunguka, akasimama kando yangu. Nilisubiri amfukuze.

"Egidi, anauza bei gani?"

"Ileile ya mbele, bosi."

"Na wanaijua?"

"Umeibandika mlangoni, bosi. Lakini huku wanaona wamependelewa."

Akavua koti, akanivuta hadi kwenye rafu ya mbele. "Shika huko. Tuihamishie nyuma."

Rafu ilinasa kwenye mlango wa stoo, njia ya kwenda nyuma. Tuliigeuza, tukailaza, tukaiinua, hadi jua likazama. Haikwenda mbele wala kurudi.

"Iache," alisema Goodluck akihema. "Kesho tutamwita fundi Tadei avunje ukuta."

Nyuma ya rafu, sauti ya mwanamke ilinong'ona: "Jamani, na sisi tuliochelewa?"

Mama Notburga aliinama kwenye upenyo. "Njoo kesho, dada. Uwahi." Kisha akamgeukia bosi.

Goodluck alikuwa akijikung'uta vumbi.

"Na wewe, mama," alisema, "uwahi."