Paa la Siebren

Theluji iliacha kuanguka alfajiri, na nilipotoka na fagio langu kusafisha mbele ya mlango, nikamkuta Wobbe amesimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, anatazama juu. Mtu akitazama juu mtaani kwetu, na wewe unatazama. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, mstari mmoja mpaka kona, na mapaa yote yalikuwa meupe pe. Yote isipokuwa moja. La Siebren, jirani yetu wa katikati, mimi kushoto kwake na Wobbe kulia, lilikuwa jekundu, vigae vimelowa, maji yanatiririka kwenye mfereji.

"Dada Aukje, umeona?" Wobbe aliuliza.

"Nina macho."

"Bangi hiyo," akasema, na sauti yake ilikuwa na utamu fulani. "Taa za bangi, dari nzima. Mzee mzima na mvi zake!"

Niliendelea kufagia, huku nikitazama juu. Hapa Drachten, kaskazini mwa Uholanzi, hakuna asiyejua maana ya paa lisiloshika theluji. Wanaolima bangi darini huwasha taa kali usiku na mchana, joto linapanda, theluji inayeyuka, na polisi wanajua mlango wa kubisha. Kisha zile nyaya za umeme za kuunganisha kienyeji zinashika moto. Ukuta wa Siebren ndio ukuta wangu. Akiungua yeye, mimi nateketea na nguo yangu ya kulalia.

Na kusema kweli, nilianza kumtilia shaka kabla ya theluji. Tangu sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, mwanzoni mwa Desemba, mapazia yake yalikuwa yamefungwa mchana kutwa. Mtaani kwetu hatufungi mapazia. Unapita, unamwona jirani anakula viazi, yeye anakuona unapita, mnapungiana mikono, na kila mtu anajua mwenzake hana la kuficha. Marehemu mkewe, Tjitske, rafiki yangu kipenzi, alikuwa akivisugua vioo vile kila Jumamosi mpaka ndege wakawa wanajigonga humo. Alipokufa, Siebren aliendelea kuvisugua mwenyewe. Halafu ghafla, mapazia. Na ukutani nikaanza kusikia mvumo usiokoma, na nyayo za ngazini ambazo hazikuwa za mzee mwenye nyonga mbovu.

"Napiga simu polisi," Wobbe alisema. "Hata jina hawakuulizi."

"Ngoja mpaka kesho."

"Ningoje nini?"

"Wakija, mzee wa watu atatupwa nje na viti vyake. Nitaingia mwenyewe nikaone."

"Ukaone nini, miche?" Akacheka. "Haya. Theluji inarudi usiku huu. Kesho asubuhi paa likiwa hivi hivi, napiga. Huu ni mtaa wa watu wenye heshima."

Wobbe aliipenda sana heshima ya mtaa. Paa lake ndilo lililokuwa jeupe kuliko yote, maana mwezi wa tisa alilijaza magodoro ya kuzuia baridi, yale yanayofungia joto ndani, kwa mikono yake. Nilijiuliza asubuhi ile: mtu wa magoti mabovu, asiyepanda hata stuli kubadilisha balbu, dari anaitakia nini? Lakini niliacha, kwani siku hizo macho yangu yalikuwa kwa Siebren.

Asubuhi hiyo hiyo nilimkuta dukani. Alikuwa amejiinamia kwenye kikapu chake, na chini ya kabichi, limefukiwa kama kitu cha wizi, niliona boksi la punje za kiungo cha anisi zenye sukari, za rangi ya waridi. Kwetu punje hizo zina kazi moja tu. Unazimwaga juu ya mkate mkavu wa mviringo uliopakwa siagi, unawapa wageni, nyumba imepata mtoto wa kike. Wa kiume ni bluu.

"Nani kazaa, Siebren?"

Alishtuka mpaka kabichi ikabingirika. "Hakuna. Nimetamani utamu tu."

"Wewe? Wewe usiyetia sukari kwenye kahawa tangu ujana?"

"Watu hubadilika, Aukje." Akaenda zake kulipa bila kuniaga.

Nikabaki nimesimama kati ya maziwa na jibini, nimejaa shaka mpaka kooni. Mtoto akizaliwa, sisi tunaweka dirishani korongo wa ubao, ndege anayesemekana huleta watoto, dunia nzima ijue. Binti yake Jildou alikuwa mji wa Groningen na mwanamume wake, na hatukusikia kwamba ana mimba. Basi utamu ule wa nini? Nikajiambia labda bangi ikikua inatoa harufu, na anisi ni ya kuifukuza. Mtu akishaanza kushuku, hata mboga inakuwa ushahidi.

Nilikwenda kwake saa kumi na mbili jioni. Hiyo ndiyo saa ambayo mtaa mzima uko mezani, na mtu mwenye adabu habishi hodi kwa jirani. Ndiyo maana niliichagua. Nilibonyeza kengele mara tatu.

Siebren alifungua mlango kwa upana wa pua. Alivaa fulana. Katikati ya baridi ile, fulana! Na joto lililotoka ndani lilinipiga usoni, mimi niliyemjua mtu huyu akivaa sweta mbili kuliko kuongeza moto.

"Mfereji wako unavuja upande wangu," nilisema.

"Nitautazama kesho."

"Nautazama leo. Kutokea darini kwako."

"Aukje, nakuomba." Macho yake yalikuwa mekundu. "Rudi nyumbani."

Nilivuta pumzi ndefu, nikanusa. Sikupata bangi. Nilipata maziwa yaliyochemshwa na nguo zinazokauka. Ndipo kitu kikalia juu kabisa, kwa sauti nyembamba, ya hasira.

"Paka," alisema Siebren.

"Wewe unachukia paka."

"Baba, mwache aingie," ilisema sauti ya ngazini. Alikuwa Jildou, nywele hazijachanwa, weusi chini ya macho, na kifuani amebeba kifurushi kinachopiga mateke.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Jildou ndiye aliyeeleza. Mwanamume wake alikwenda zake. Mkataba wa chumba ukaisha. Aliandikishwa kwenye foleni ya nyumba za bei nafuu za shirika miaka mingi iliyopita, na foleni haisogei. Mtoto alizaliwa hapo hapo, wiki iliyopita, mapazia yamefungwa.

"Na wewe unajua nyumba zetu," Siebren alisema. "Za shirika, za wazee tu. Mgeni wiki tatu, basi. Wakigundua, mkataba wangu unavunjwa, tunatoka wote. Nikiwa na umri huu nikalale wapi, Aukje? Na wao?"

"Kwa nini darini?"

"Chini mngemsikia. Kuta hizi ni karatasi. Nimemwekea hita mbili kule juu, lakini hakuna godoro la kuzuia baridi, shirika linaahidi tu kila mwaka. Joto lote linapotelea vigaeni."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Nilimkasirikia kweli, machozi yakinilenga. "Mimi, rafiki wa Tjitske!"

"Nikwambie wewe," alisema taratibu, "unayebisha saa ya chakula kuja kuninusia nyumba?"

Nilifuta macho kwa kitambaa. Jildou alinipa mtoto nimshike. "Ni Tjitske," alisema, "kama bibi yake." Nilipewa mkate wenye punje za waridi, na desturi ni mmoja. Nilikula miwili.

Wobbe alikuwa ananisubiri barabarani. "Enhe?"

"Hita imeharibika. Haizimiki."

"Na umekaa muda wote huo kuitazama?" Alinikata jicho. "Dada, umeanza kuwafichia watu siri. Kesho asubuhi, kama nilivyosema."

Nilijua maneno hayatamsaidia mtu. Marehemu mume wangu alituwekea sheria ya joto la nyuzi kumi na saba, nami nimeitunza hata baada ya yeye kuzikwa. Jioni ile nilizungusha kidude cha ukutani cha kuongeza joto mpaka kikagoma. Nikashusha ngazi ya darini, nikafungua mlango wake wazi, nikapandisha na hita ya bafuni, nikiilaani kila kipandio. Nililala juu ya shuka, nimelowa jasho, nikisikia theluji ikiteleza na kuanguka bustanini, vipande kwa vipande, na kila kipande kilinifurahisha.

Asubuhi mtaa ulikuwa mweupe upya. Mapaa mawili yalikuwa mekundu, langu na la Siebren.

Wobbe alisimama katikati ya barabara na viatu vyake vya kitambaa vya ndani, simu mkononi. Alitazama paa langu, akanitazama mimi. "Hata wewe?"

"Nalima bangi," nilisema. "Piga. Waambie waanze kwangu."

"Usinifanyie mzaha. Napiga kweli."

"Piga, Wobbe."

Alibonyeza tarakimu moja, ya pili. Mimi niliinama kuchukua fagio, na nilipoinama ndipo nikaona. Theluji safi, haijakanyagwa na mtu mwingine zaidi yetu, isipokuwa kutoka mlango wa Wobbe. Hapo zilitoka nyayo za buti, kubwa kama boti, na pembeni yake mstari wa gurudumu la baiskeli, mpaka kona. Wobbe ana miguu ya mtoto wa shule.

"Wobbe," nilisema. "Nani katoka kwako alfajiri?"

Kidole chake kilisimama hewani. Aligeuka nyuma, akaiona barabara. Uso ukamshuka.

"Huko juu kwenye magodoro yako," nikaendelea, "analala nani?"

Aliishusha simu. "Jorrit," alisema. "Kijana wangu. Tangu mwezi wa tisa. Nilifikiri mkiwa mnatazama kwa Siebren, kwangu hamtatazama."

"Huyo wa darini kwa Siebren," nikamwambia, "ana wiki moja tu duniani."

Alifumba macho. Kisha akatia simu mfukoni, akanyoosha mkono, nami nikampa fagio. Alifagia nyayo za mwanawe kuanzia mlangoni, na viatu vyake vya kitambaa vimelowa, hakuacha mpaka alipofika kona.